Fundi Fanueli na Madishi Yaliyogeukia Mnarani

Fanueli Luvanda anaujua mtaa wetu wa Mlandege kutokea juu. Sisi wengine tunawajua majirani kwa sura na milango yao. Yeye anawajua kwa mabati. Anajua nani ameziba tundu kwa lami, nani ameweka jiwe, na nani alimwambia mkewe kwamba paa limetengenezwa kumbe halijaguswa. Ukimtajia jina la mtu hufikiri kidogo, kisha husema, "Aah, yule wa bati la bluu lenye kutu upande wa jikoni."

Alizaliwa Mafinga, baba yake mpasua mbao. Ufundi ulimjia siku baba yake aliponunua TV ya mkono wa pili na kusimamisha antena juu ya mlingoti mrefu wa msonobari. Kazi ya Fanueli ilikuwa kusimama nje kwenye baridi na kuuzungusha ule mlingoti, huku watu waliokuwa ndani wakipiga kelele: "Hapo! Hapo! Umepitiliza!" Alikulia kwenye kelele hizo. Baadaye mitambo ya zamani ilipozimwa na nchi nzima kuambiwa inunue ving'amuzi, yeye alinunua ngazi, dira na spana mbili, akahamia Iringa mjini. Tangu hapo amekuwa fundi dishi. Ameanguka mara mbili, na mara ya pili aliangukia bustani ya chainizi ya mchungaji wetu, ambaye alimsamehe kabla hajainuka.

Mkewe ni Esnath, Mnyakyusa wa Tukuyu, muuza maparachichi sokoni, mtu wa maneno machache na mizani isiyopunja. Mimi ni jirani yao. Haya ninayoyaeleza nimeyaona, na mengine nimeyafanya.

Yalianza mwaka juzi mwezi wa tatu, kwa Bibi Veneranda Mhongole. Bibi huyu ni muuguzi mstaafu, aliyewachoma sindano nusu ya watu wazima wa mtaa huu, kwa hiyo hakuna anayembishia. Mwanawe Anord, anayefanya kazi Dodoma, alimtumia smart TV kwa basi, pamoja na kisanduku cha intaneti chenye laini ndani yake. Fanueli akaitwa kufunga.

Hakukaa muda. Aliichomeka TV, akaiunganisha na kile kisanduku, akaingiza namba za siri, na chai aliyokaribishwa ilikuwa bado ya moto wakati Misa ilipotokea kwenye kioo, safi, mubashara, hadi vumbi la kwenye mishumaa linaonekana.

"Tayari, bibi."

"Tayari nini?"

"TV. Imeshakamata."

Bibi Veneranda akatazama dari, kisha akamtazama yeye. "Mbona hujapanda?"

"Safari hii hakuna kupanda. Hii inatumia intaneti. Dishi halihusiki."

"Miaka tisa linahusika, leo halihusiki?"

"Ndiyo, bibi. Mambo yamebadilika."

"Sasa nikulipe kwa kazi gani? Umekaa kwenye kochi langu, umekunywa chai yangu, umebonyeza rimoti yangu."

Fanueli mwenyewe aliona hoja hiyo ina uzito. Akasema basi, asimlipe. Hapo ndipo alipoharibu kabisa. Bibi Veneranda alikaa wodini miaka thelathini na tano, na alichojifunza huko ni kwamba dawa ya bure ndiyo wagonjwa wanayoitupa dirishani. Alimsindikiza mpaka mlangoni bila kumuaga vizuri.

Siku ya tatu akampigia simu.

"Fanueli, kinazunguka."

"Nini kinazunguka, bibi?"

"Kiduara. Padri ameinua mikono, kiduara kikatokea usoni pake, na mpaka sasa hajaishusha. Dakika ishirini! Atachoka yule."

"Hilo ni bando, bibi. Limeisha. Mwambie Anord alipie."

"Huko kuzunguka ni dishi linatafuta. Njoo upande."

Alikwenda. Alimweleza tena taratibu kwamba picha siku hizi inapita kwenye kile kisanduku pembeni ya TV, na kisanduku kinaipata kwenye mnara wa simu kule kilimani. Bibi alisikiliza hadi mwisho, akachukua fimbo yake, akatoka uani, akainyoosha kuelekea kilimani.

"Mnara si ule pale?"

"Ndio wenyewe."

"Na dishi langu limeupa kisogo."

Ilikuwa kweli. Madishi yote ya Mlandege yalitazama magharibi, kwenye setilaiti, na mnara uko mashariki. Fanueli alijibu kila alichoweza kujibu. Mwishowe alichoka, akaegemeza ngazi, akapanda, akalegeza nati, akaligeuza dishi la Bibi Veneranda likautazama mnara uso kwa uso. Alipokuwa anakaza nati ya mwisho, Anord, ambaye mama yake alikuwa ameshampigia, alilipia bando akiwa Dodoma. Padri akashusha mikono.

Bibi alipiga vigelegele ambavyo nilivisikia mimi nikiwa kwangu.

"Bibi, siyo dishi," Fanueli alisema aliposhuka. "Ni Anord amelipia."

"Anord yuko Dodoma. Wewe ulikuwa juu ya TV yenyewe. Kati yenu nani yuko karibu?"

Akamlipa zaidi ya kawaida. Hela aliziweka kwenye bahasha ya zaka, kwa kuwa ndizo bahasha alizokuwa nazo.

Jumamosi hiyo Bibi Veneranda aliwaeleza wenzake wa jumuiya kwamba yeye sasa anaona dunia nzima, halipii kifurushi cha king'amuzi, na siri ni dishi kutazama mnarani. Kufikia Jumatano, watu kumi na mmoja walikuwa wamekwenda kwa Fanueli. Wengi wao hawakuwa na smart TV wala kisanduku. Walikuwa na TV za kawaida na ving'amuzi vyao.

Nilikuwepo alipomkatalia Anania, mwenye kibanda umiza cha pale kona, ambako tunaangalia mpira kwa kiingilio.

"Dishi lako likigeuka, utapoteza hata ulichonacho," Fanueli alimwambia.

"Kwa Bibi Veneranda ulipanda, hukupanda?"

"Nilipanda."

"Uligeuza, hukugeuza?"

"Niligeuza, lakini..."

"Picha ilikuja, haikuja?"

"Ilikuja."

"Basi," alisema Anania. "Unatubania."

Neno hilo, kubania, lilimuuma Fanueli. Hajawahi kumbania mtu. Lakini lilienea, na watu wakaanza kujipandia wenyewe. Ngazi ziliazimwa nyumba hadi nyumba. Kila jioni ulisikia nyundo juu ya mabati na sauti zikitoka ndani: "Hapo! Hapana, rudisha!" Madishi yakageuka, moja baada ya jingine, mpaka mtaa mzima ukawa unautazama mnara kama watoto wanaosubiri mwalimu atoke ofisini.

Picha, bila shaka, hazikuja. Kilichokuja ni maandishi ya "Hakuna mawimbi". Lakini hapa ndipo panaponipa aibu. Kila nyumba ilijua kwake picha haipo, na kila nyumba iliamini kwa jirani ipo. Sisi tulilihamisha dishi letu mara nne kwa upana wa kidole, tukidhani tumekosea kidogo tu. Mke wangu alipoulizwa sokoni kama tunaona, alijibu, "Vizuri mno, mpaka macho yanauma." Na tuliacha kulipia kifurushi, maana nani analipia kitu ambacho wenzake wanakipata bure?

Huenda tungeendelea hivyo mwaka mzima, tukikaa mbele ya vioo vitupu na kusifiana, kama isingekuwa mechi ya mpira ya watani wa jadi.

Anania alikuwa ameuza nafasi zote. Watu sabini hivi walijaa kwenye mabenchi ya mbao za Mafinga, wengine wamesimama, na kioo kinasema hakuna mawimbi. Alijaribu kuzima na kuwasha. Alijaribu kumtuma mtu juu ya paa alisogeze dishi. Dakika ya kumi na tano, kelele za magoli ya watu wengine zilipoanza kusikika kutoka mbali, mtu mmoja akapendekeza waunganishe simu ya Anania na TV, mechi ionekane kupitia intaneti. Wakachanga bando. Ikakubali! Picha ikatokea, kubwa, safi, na watu wakashangilia kama goli limefungwa.

Dakika ya themanini na tisa, mwamuzi akatoa penalti. Mpigaji akaweka mpira chini, akarudi hatua tano. Kibanda kizima kikaacha kupumua. Mpigaji akaanza kukimbia, na uwanja wote ukatoweka, yakabaki maneno mawili yenye ukubwa wa mlango: MAMA MKWE.

"Kata!" walipiga kelele watu sabini.

Anania akapokea.

"Haloo, mkwe," ilisema sauti ya mama mmoja wa Chimala, ikitoka kwenye spika mbili kubwa zilizokuwa zimekodiwa kwa ajili ya mechi. "Hamjambo huko? Mbona naskia watu wengi? Kuna msiba?"

Na Anania ni mtu aliyelelewa vizuri. Mama mkwe hakatiwi simu. Alisimama, akavua kofia, akasema, "Shikamoo, mama." Sabini wakasikia marahaba. Wakasikia habari za mchele, kwamba magunia mawili yameshapakiwa. Wakasikia habari za goti lake la kushoto. Wakaulizwa wao ni akina nani, na wachache waliokuwa mbele wakajikuta wanamwamkia pia. Alipomaliza, mpira ulikuwa umeisha. Hakuna aliyejua penalti iliingia au la. Nusu ya watu walitoka wakisherehekea, na nusu nyingine wakisherehekea kinyume chake.

Kesho yake mwenyekiti wetu wa mtaa, Crispin Kalinga, aliitisha mkutano. Anania alitaka Fanueli awajibishwe. Fanueli akasimamishwa mbele, na kwa mara ya kumi na mbili akaeleza ukweli, tena vizuri. Wenye ving'amuzi walirudishe dishi magharibi na walipie kifurushi. Wenye intaneti hawahitaji dishi kabisa, ila walipie bando. Hakuna cha bure popote.

"Picha ya intaneti inatoka wapi?" mtu mmoja akauliza.

"Kwenye mnara."

"Na sisi tumeelekeza wapi?"

"Mnarani, lakini dishi..."

Ukumbi ukaguna. Crispin ni mtu wa utaratibu. Alisema kwa kuwa pande mbili zimeshindwa kuafikiana, suala lipigiwe kura. Wanaotaka madishi yatazame magharibi wanyooshe mikono: tisa. Wanaotaka yatazame mnarani: hamsini na nne. Nami nilinyoosha, sifichi. Bibi Veneranda alikuwa amekaa nyuma yangu.

"Mtaa umeamua," alisema Crispin, akiandika.

"Mwenyekiti," alisema Fanueli kwa upole, "setilaiti haijui kwamba tumepiga kura."

Crispin alisimamisha kalamu. Aliona ni hoja ya msingi. "Basi itaandikiwa barua."

Na iliandikwa. Niliiona kabla haijatumwa. Iliandikwa kwa Mhusika wa Setilaiti, kupitia ofisi ya kanda ya kampuni ya ving'amuzi, Mbeya. Ilisema kwamba wananchi wa mtaa wetu, kwa kura halali, wameazimia kutazama mashariki, na wanaiomba setilaiti ihamie upande huo mapema iwezekanavyo kwa maslahi mapana ya wananchi. Ilikuwa na muhuri.

Wiki mbili baadaye akaja dada mmoja kutoka Mbeya, anaitwa Lugano. Alikuwa na barua ile mkononi, ndani ya plastiki. Aliulizia fundi wa mtaa, akaelekezwa kwa Fanueli, na Esnath alipogundua ni Mnyakyusa mwenzake, hawakuanza kazi mpaka amekula.

"Kaka Fanueli," alisema Lugano, "ofisini kwenye kompyuta mtaa wenu umezimika. Mwezi mzima aliyelipia ni mmoja tu. Tulidhani mmehama. Kisha ikaja hii." Akaigusa barua. "Naomba nione kwa macho yangu."

Alivua viatu vya ofisini, akapanda ngazi mwenyewe. Wakakaa wawili juu ya bati la Fanueli, na mbele yao yakatandazika mabati ya Mlandege, na madishi yote yakiwa yamewageuzia mgongo.

"Yote?" akauliza Lugano.

"Yote, isipokuwa la mchungaji. Siku ya mkutano alikuwa na ubatizo."

Lugano aliyahesabu kwa kidole mpaka akachoka. Kisha akasema kampuni inataka yarudishwe, na itamlipa Fanueli kwa kila dishi. Akaongeza kwamba kampuni hiyo hiyo sasa inauza na picha za intaneti, na mwezi ujao yeye huyu huyu atatumwa kuja kuwashawishi watu hawa hawa waachane na madishi.

"Sasa kwa nini mnataka niyarudishe?"

"Kwa sababu mwezi ujao haujafika."

"Hawatakubali. Nimewaambia ukweli mara kumi na mbili."

"Labda shida siyo ukweli," alisema Lugano. "Labda shida ni kwamba hauna muhuri."

Akashuka, akaomba meza na karatasi, akamjibu mwenyekiti palepale. Barua ilisema ombi la wananchi limepokelewa na linafanyiwa kazi. Ili setilaiti iweze kuwatambua wakati wa zoezi la kuhama, wanaombwa kurudisha madishi kama yalivyokuwa awali na kulipia vifurushi vyao bila kukosa. Akagonga muhuri aliokuwa nao kwenye mkoba. Alipokuwa anaondoka alimshika Esnath mikono yote miwili, akasema "Ndaga fijo", yaani ahsante sana kwa Kinyakyusa, kwa samaki aliyemla, akarudi Mbeya.

Crispin aliisoma barua mbele ya watu kwa sauti ya redio. Watu walipiga makofi. Tumejibiwa! Hakuna mtaa mwingine Iringa nzima uliowahi kujibiwa na setilaiti. Siku tano Fanueli alipanda na kushuka, akirudisha madishi magharibi, na kila alipoingia nyumba alikuta chai na watu wanaomwambia kwamba yeye siku zote walijua ni fundi mzuri. Picha zikarudi. Bibi Veneranda peke yake alikataa kuguswa dishi lake, akasema yeye haombi setilaiti kitu.

Fanueli hakufurahi. Wiki ile alikuwa anakula kidogo. Nilikuwa kwao Jumapili moja mchana alipomwambia mkewe kinachomsumbua: amesema kweli mara kumi na mbili akaitwa mbaniaji, akanyamaza mara moja mbele ya uongo, akaitwa fundi. Na watu wa smart TV wanaongezeka. Itabidi awape watu kazi ambayo haionekani, nao hawalipi kwa kazi isiyoonekana.

Esnath alikuwa anapanga maparachichi. Hakuinua kichwa.

"Mchungaji angeweza kuhubiri amekaa na sisi kwenye benchi," alisema. "Maneno ni yale yale. Lakini anapanda."

Fanueli aliliwaza hilo siku nzima. Jumatatu akaandika bei mbili kwenye kibao chake. Kuunganisha TV na intaneti, bila kupanda: nusu bei. Kuunganisha TV na intaneti, kwa kupanda: bei kamili. Chini yake akaandika kwa herufi ndogo, kwa sababu ni Mlutheri na dhamiri yake haimpi nafasi: kupanda hakuongezi kitu.

Kila mtu anakisoma. Mpaka sasa ni mmoja tu aliyechagua bila kupanda, mhasibu wa kampuni ya mbao, na kesho yake alipiga simu kulalamika kwamba picha anaiona nyepesi. Fanueli alikwenda, akapanda, akakaa kidogo, akashuka. Mhasibu akasema sasa imekolea.

Mwezi uliopita aliitwa na Mwalimu Benedicta, anayefundisha sayansi sekondari, mwanamke msomi na mkali. Nilimbebea ngazi. Fanueli alimwonyesha picha ya kibao kwenye simu, akamsomea hata zile herufi ndogo, akitegemea kwamba yeye angalau atachagua bila kupanda.

"Naelewa," alisema Mwalimu Benedicta. "Mawimbi yanaingia moja kwa moja kwenye kisanduku. Somo hilo nalifundisha mwenyewe."

"Kwa hiyo bila kupanda, mwalimu?"

Alitazama TV, akatazama dari. "Panda tu."

"Mwalimu, nyumba yako haina dishi. Haijawahi kuwa nalo."

"Ndiyo. Lakini nimeshalipia bando la mwezi mzima, Fanueli. Panda."

Akaiunganisha TV na kisanduku, nami nikaegemeza ngazi. Fanueli akapanda na spana yake, akafika katikati ya bati ambalo halikuwa na kitu chochote isipokuwa majani makavu, akachuchumaa. Nilimwona anasita. Kisha akaanza kuyaokota yale majani, moja moja, akiyaweka mfukoni.

"Tayari?" aliita Mwalimu Benedicta kutoka sebuleni.

Fanueli alitazama mnara, akatazama magharibi.

"Bado kidogo, mwalimu," alijibu. "Hapo ulipo, inaonekanaje?"

"Inaanza kuja!"